Wanga tunao magunia kwa magunia, ila elimu yake tumewaachia wengine

Jamani leo naomba tuongee kuhusu wanga. Siyo bei ya gunia, siyo lumbesa, hayo tunaongea kila siku Makambako, Mwanjelwa na kila kijiwe. Naongelea wanga wenyewe, kile kilichomo ndani ya punje ya hindi na ndani ya kiazi cha Njombe, kwa sababu sisi watu wa Nyanda za Juu Kusini tunaulima mpaka unalisha mikoa mingine na bado tunaujua kwa kilo tu, ukiuliza umejengwaje na unaweza kufanya nini zaidi ya kushibisha hamna anayejibu, na wakati huo huo kemia ya wanga na sukari duniani imekimbia miaka hii 20 iliyopita kuliko watu wanavyodhani.

Kilichonifanya niandike ni udumavu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha Tanzania nzima watoto kama 30 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, sasa nenda kwetu, Iringa karibu 57, Njombe karibu 50, Rukwa nayo hapo hapo kwenye 50. Yaani mikoa ya mahindi, ya viazi, ya maharage, mikoa ambayo malori hayaishi kutoka na chakula, ndo inaongoza kwa watoto waliodumaa. Kila mwaka viongozi wanasimama wanasema ni aibu, wazazi wabadilike, alafu wanaondoka. Mimi naona aibu haijengi mtoto, tuangalie kwanza kilichomo kwenye kikombe.

Kikombe chenyewe ni cha uji. Mtoto wa miezi minane tumbo lake halibebi zaidi ya kikombe kimoja cha chai kwa mlo, na uji una tabia yake, ukipata moto zile punje ndogo ndogo za wanga zinavimba zinakunywa maji, uji unakuwa mzito haraka hata kama unga ni kidogo, mama akiona mzito na mtoto hawezi kumeza anaongeza maji, kwahiyo mtoto anakunywa maji ya moto yenye unga labda sehemu 5 hadi 10 katika 100. Anashiba kweli, tumbo limejaa, analala, ila nguvu aliyoipata ni ndogo sana na kesho hivo hivo na mwezi ujao hivo hivo. Huyu mama hajakosea kitu, wanga ndo umemshinda, na wanga una dawa yake, na dawa yenyewe bibi zetu wanayo tangu zamani.

Ni kimea. Ulezi unaoloweshwa, ukaachwa uchipue, ukaanikwa, ukasagwa. Huku kwetu watu wanajua kimea kwa ajili ya komoni, pombe yetu ya kienyeji, na kwa ajili ya togwa, uji uliochachushwa, na ukiuliza kwa nini uji mzito ukitiwa kimea unalegea na kuwa mtamu bila sukari utaambiwa ndivyo kilivyo. Kinachotokea ni hivi: mbegu inapochipua inatengeneza vimeng'enya vinaitwa amailesi, kazi yao ni kukata ule mnyororo wa wanga ili mmea mchanga upate sukari ya kukulia. Wanga wote ni glukosi zilizoshikana mkono kwa mkono, nyingine zimenyooka mstari mrefu, hiyo ni amailosi, nyingine zina matawi kila mahali, hiyo ni amailopektini ambayo kwenye hindi la kawaida ndo nyingi, kama robo tatu. Ukitia kijiko cha kimea kwenye uji uliopoa kidogo, siyo unaochemka maana moto mkali unaua hivyo vimeng'enya, dakika chache tu minyororo imekatwa vipande vifupi, yale maji yaliyokuwa yameshikwa yanaachiwa, uji unalegea. Kwahiyo unaweza kupika uji mzito wenye unga sehemu 20 katika 100, ukatia kimea, ukalegea mpaka ukanyweka kwenye kikombe, kisha ukaurudisha jikoni uchemke tena kuua vijidudu. Kikombe kile kile, tumbo lile lile, nguvu mara mbili au zaidi!

Na hii siyo habari mpya ya mtandaoni. Taasisi ya Chakula na Lishe ya hapa hapa Tanzania ilikuwa inaifanyia kazi miaka ya 1980, watafiti wakaandika, dunia ikasoma, na watafiti wa chuo cha kilimo SUA baadaye wakachambua togwa yenyewe mpaka wakataja ni bakteria gani wanaoichachusha. Miaka 40 sasa. Na bado ukienda kwenye mafundisho ya lishe vijijini unasikia mchanganyiko wa unga wa nafaka saba, karanga, soya, sijui nini, kila kitu kinatupwa kwenye mashine moja, lakini kimea husikii. Inaniuma sana kwa sababu kimea hakihitaji mfadhili wala kiwanda.

Hapa nisimame kidogo maana najua mtu ataenda kujaribu leo leo. Tumia ulezi, usitumie mtama. Mtama ukichipua unatengeneza kitu kinaitwa durini, ni sukari iliyofungwa pamoja na sumu ya sianidi, ukoo mmoja na ile iliyoko kwenye muhogo mchungu, bila kuondoa miche na kuusindika vizuri ni hatari kwa mtoto. Na ulezi wenyewe uanike vizuri, ukiona ukungu tupa wote, usichague chague. Alafu kimea hakileti protini, mtoto bado anahitaji maharage, yai, dagaa, mboga, na anahitaji asiharishe kila wiki. Na anahitaji mama ambaye hajatoka saa kumi na moja alfajiri kwenda shamba la mbali na kurudi jioni. Udumavu una mizizi mingi, mimi nimeshika mmoja ambao tunaweza kuung'oa wenyewe.

Sasa kutoka kwenye uji twende kwenye maziwa ya mama, hapo ndo kemia ya sukari ilipofika pakubwa. Watu wengi wanajua maziwa yana mafuta, protini na ile sukari inayoitwa laktosi. Lakini kuna kundi lingine la sukari ndefu ndefu, gramu 5 hadi 15 kwenye kila lita, wanasayansi wameshatambua zaidi ya aina 200, na cha kushangaza ni kwamba mtoto mwenyewe hazimeng'enyi kabisa! Zinapita mpaka utumbo mpana, kule zinalisha bakteria wazuri wa jamii ya bifidobakteria, na nyingine zinafanana na zile sukari ambazo vijidudu vya kuharisha hutafuta kwenye ukuta wa utumbo ili wajishikize, kwahiyo kijidudu kinashika sukari ya maziwa badala ya utumbo kisha kinatolewa nje. Mama anamlisha mtoto na anawalisha pia wale wanaomlinda mtoto.

Mwaka 2016 ulitoka utafiti kwa akina mama wa Malawi, majirani zetu kabisa, ukivuka Kasumulu tu umefika. Walikuta akina mama ambao watoto wao wamedumaa sana, maziwa yao yana kiasi kidogo zaidi cha aina fulani ya hizi sukari, zile zilizobeba asidi ya siali ambayo nayo ni sukari ndogo yenye asidi, na walipozijaribu kwa wanyama wachanga waliopandikizwa bakteria wa mtoto aliyedumaa, wanyama wakakua vizuri zaidi. Huo ni mwanzo tu, mnyama siyo mtoto, lakini swali limeshaulizwa Malawi na sisi tuko upande wa pili wa mto Songwe tuna udumavu kuwashinda wengi na hatuliulizi.

Wenzetu wa viwandani hawakusubiri. Moja ya hizo sukari, inaitwa fukosillaktosi, sasa hivi inatengenezwa kwa bakteria waliobadilishwa vinasaba, wanachachushwa kwenye matangi makubwa kama pombe, na tangu 2015 Marekani wameruhusu iwekwe kwenye maziwa ya kopo. Sayansi nzuri na mtoto asiye na mama inamsaidia, sina ugomvi nayo. Ila kopo linabeba aina moja au chache na bei yake siyo ya mtu wa Ludewa, wakati mama wa Makete anazo kwa mamia kifuani bila kulipa, na huyo huyo ndo anaambiwa na majirani maziwa yako mepesi, muanzishie mtoto uji akiwa na miezi mitatu. Mkunga au nesi akielezwa hizi sukari vizuri, kwa Kiswahili cha kueleweka, ana hoja ya kumjibu jirani. Sasa hivi hoja aliyonayo ni "ndivyo wizara ilivyosema", na hiyo haimshindi mama mkwe.

Kuna sehemu nyingine ambapo kila mzazi ameshakutana na kemia ya sukari bila kuambiwa, ni kliniki ya chanjo. Bakteria wengi wabaya wa nimonia na wa homa ya uti wa mgongo wanavaa koti la sukari ndefu nje ya mwili wao. Kinga ya mtu mzima inaweza kulitambua lile koti, kinga ya mtoto wa chini ya miaka miwili hailitambui vizuri, inaliona kama hamna kitu. Ujanja uliopatikana ni kuchukua ile sukari ya koti na kuiunganisha kikemia na protini, hapo kinga ya mtoto inashtuka na kukumbuka. Ndo chanjo ya Hib, mmoja wa bakteria hao, iliyomo ndani ya penta, ile sindano moja yenye chanjo tano, ambayo Tanzania tulianza 2009, na chanjo ya nimonia tuliyoanza 2013 ambayo ina makoti 13 tofauti. Bakteria huyo wa nimonia ana makoti zaidi ya 100, ndo maana chanjo zinaendelea kuongezewa.

Na hapa kuna hadithi ya Kuba ambayo naipenda kuliko zote. Zamani sukari ya koti ilikuwa lazima uipate kwa kuwafuga bakteria wenyewe, kazi ghali na ngumu kudhibiti. Mwaka 2004 timu ya chuo kikuu cha Havana ikiongozwa na Vicente Vérez Bencomo, ikishirikiana na mwanakemia René Roy wa Kanada, walitangaza wametengeneza ile sukari ya Hib maabara, kipande kwa kipande, bila bakteria, wakaiunganisha na protini na ikawakinga watoto. Ilikuwa chanjo ya kwanza ya binadamu duniani yenye sukari iliyoundwa na mikono ya watu. Siyo Uswisi, siyo Marekani, Kuba! Nchi ya miwa, yenye vikwazo vya uchumi, isiyo na pesa za kuchezea. Waliamua watoto wao watapata chanjo na hawataweza kuinunua kila mwaka, wakawekeza kwa wanakemia. Mtu akiniambia nchi maskini haiwezi kemia ya juu namjibu kwa Kuba tu.

Ugumu wenyewe siyo mdogo, tusidanganyane. Mjerumani Emil Fischer ndiye aliyefumbua umbo la glukosi mwaka 1891, akapata Nobeli 1902, na tangu hapo kwa miaka mingi sukari ilibaki nyuma ya protini na vinasaba kwa sababu moja kubwa: protini zinaungana mstari, lakini sukari moja ina sehemu nyingi za kushikia na kila mshiko unaweza kuelekea juu au chini. Chukua vipande vitatu tofauti vya protini, unaweza kuvipanga namna 6 tu, chukua sukari tatu tofauti, namna zinapita 1,000. Na mwelekeo wa mshiko unabadilisha kila kitu. Wanga wa hindi na selulosi ya misonobari ya Sao Hill zote ni glukosi tupu, tofauti yao ni upande ule mshiko ulipoelekea, basi, moja unakula na nyingine unapigilia dari. Kwahiyo mwanakemia wa sukari akikosea mshiko mmoja katikati ya mnyororo amepata kitu kingine kabisa.

Ndo maana kazi ya mwanakemia Peter Seeberger ilishtua watu. Mwaka 2001 yeye na wenzake walitoa mashine inayounga sukari yenyewe hatua kwa hatua, na 2020 kundi lake kule Potsdam, Ujerumani, likafika mnyororo wa sukari 100 mfululizo, alafu wakapata wa 151 kwa kuunganisha vipande. Carolyn Bertozzi wa Marekani akapata Nobeli 2022 pamoja na Morten Meldal na Barry Sharpless, na kilichomuanzisha yeye ni sukari, alitaka kuziona zile zilizoko juu ya seli hai bila kuiua seli, ikabidi abuni kemia mpya inayofanya kazi ndani ya kiumbe bila kugusa kitu kingine.

Damu nayo. Grupu A, B na O tofauti yake ni sukari moja tu kwenye ncha, mwenye O hana ile ya mwisho. Mwaka 2019 watafiti wa chuo cha British Columbia huko Kanada wakapata kwenye bakteria wa utumbo wa binadamu vimeng'enya vinavyokata sukari ya A vizuri, damu ikabaki kama O, na 2024 watu wa Denmaki na Uswidi wakaonyesha vingine vya bakteria mwingine wa utumbo vinavyoshughulikia A na B. Bado iko maabara. Fikiria lakini hospitali ya wilaya usiku, mama ametoka damu nyingi uzazini, grupu yake haipo kwenye friji. Mimi hilo silioni kama sayansi ya mbali hata kidogo.

Wachina nao 2021, taasisi yao ya Tianjin, wakatengeneza wanga kutoka hewa ya ukaa bila mmea wowote. Wanachukua hewa ya ukaa na haidrojeni, wanapata methanoli, kisha vimeng'enya vinajenga kutoka hapo mpaka wanga, jumla hatua kuu 11 wakati mmea unatumia kama 60, na walisema kasi yake inazidi ya hindi mara 8.5. Watu walishangilia sana mtandaoni kwamba kilimo kimekwisha. Hakijaisha, haidrojeni inataka umeme mwingi na jambo la maabara siyo la gunia, mkulima wa Mbozi alale tu usingizi. Ila mimi napenda tuelewe maana yake, kwamba kuna watu wanaujua wanga kiasi cha kuujenga kutoka hewani, na sisi tunaouchimba ardhini kila msimu hatuna hata kiwanda cha maana cha kuutenga kwenye kiazi.

Kiazi kilichokatwa na jembe hakina mnunuzi, kile kidogo sana nacho hivo hivo, msimu ukijaa vinaozea shambani. Wanga wake ungeoshwa ukakaushwa unaenda kwenye karatasi, gundi, nguo, vidonge vya hospitali, kidonge kingi unachomeza kimeshikiliwa na wanga. Na ukienda mbele zaidi kuna siklodekstrini, pete ndogo za glukosi 6, 7 au 8 zinazotengenezwa na kimeng'enya kutoka kwenye wanga, Mfaransa Villiers alizipata kwenye wanga wa viazi mwaka 1891, leo zinabeba dawa zisizoyeyuka kwenye maji, na moja iliyobadilishwa inaitwa sugammadeksi inatumika chumba cha upasuaji kuamsha misuli ya mgonjwa baada ya operesheni, inaimeza ile dawa ya kulegeza misuli ndani ya pete yake. Malighafi ya ukoo huo inaoza Kitulo na Uporoto. Sisemi kesho tuanze na sugammadeksi. Nasema tuanze na kuosha wanga, kuupima, kujua kiazi cha aina gani kina wanga mwingi, na hapo watafiti wa kilimo wa TARI Uyole wapo, chuo cha sayansi na teknolojia MUST kipo pale Mbeya, vijana wa kemia wanamaliza kila mwaka wanatafuta kazi ya kuuza vocha.

Na shuleni. Kidato cha kwanza na cha pili wanafundishwa kipimo cha wanga kwa ayodini, wanadondosha kwenye kipande cha muhogo kinageuka bluu nyeusi, wanaandika hitimisho, basi wameshamaliza wanga maisha yao yote. Mimi ningependa shule za Mufindi, Kilolo, Wanging'ombe, Rungwe zifanye lingine. Pikeni uji mzito darasani, gawanyeni vyombo viwili, kimoja kitieni kimea cha ulezi ukiwa vuguvugu, kingine kiacheni. Kila dakika tano chota tone kila chombo, liache lipoe kwanza maana kwenye joto ile rangi inapotea hata kama wanga upo, kisha weka ayodini. Chombo kisicho na kimea kitabaki bluu nyeusi mpaka kipindi kiishe. Cha kimea kitaanza bluu, kije zambarau, kije wekundu wa kahawia, mwisho ayodini inabaki na rangi yake tu, kwa sababu ile minyororo mirefu iliyokuwa inaikumbatia imekatwa. Weka na chombo cha tatu chenye kimea, kisichoguswa na ayodini, ili waonje utamu wenyewe.

Mtoto wa miaka 14 akiliona hilo amejua kemia, na akirudi nyumbani kuna mdogo wake wa miezi minane anayekunywa uji. Ulezi upo, ayodini ipo duka la dawa, kinachotakiwa ni mwalimu wa kemia apewe dakika 80 za kipindi bila kusumbuliwa kwamba anachelewesha silabasi, na afisa lishe wa wilaya aalikwe akae dawati la nyuma aangalie.